Kopo kwanza, kidonge baadaye: UTI kwa macho ya muuza dawa wa Uyole

Mwezi wa sita na wa saba hapa Uyole, Mbeya, baridi inabana mpaka vioo vya kabati langu vinatoka jasho asubuhi. Watu hawanywi maji. Kikombe cha chai ya rangi asubuhi, kingine jioni, imetoka hiyo. Halafu wanakuja dirishani mmoja mmoja, wanasubiri mteja mwingine aondoke, wanainama na kushusha sauti: "Dokta, mkojo unaniunguza."

Mimi si dokta. Nina duka la dawa muhimu, yale yenye kibao cha DLDM mlangoni, na kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa afya kwenye zahanati kwa miaka tisa. Kwa hiyo hapa sikuandikii dawa ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Nakuelekeza namna ya kujichunguza kwa akili kabla ya kumeza, namna ya kupeleka mkojo maabara bila kuuharibu, namna ya kusoma karatasi ya majibu, na maswali ya kumwuliza atakayekuandikia dawa. Nyakati hizi dawa tulizozizoea zinakataa, na hayo mambo manne ndiyo yanayoamua kama utapona au utazunguka.

Nianze na aibu yangu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nauza sipro, yaani antibayotiki ya siprofloksasini, kwa kuhesabu. Mama ana shilingi 500 mkononi, nachukua mkasi, namkatia vidonge vinne. Siku ya pili ana nafuu, harudi, mimi najisifu kwamba nimetibu. Baada ya wiki tatu huyo hapo tena, namkatia vingine vinne. Mkasi ule bado ninao, siku hizi nakatia uzi.

Mwaka 2019 ikawa zamu yangu. Mwezi wa tano nikaanza kuungua, nikachukua sipro kwenye rafu yangu mwenyewe, nikameza siku tatu, nikapona, nikaacha. Mwezi wa saba ikarudi, nikameza septrini. Mwezi wa tisa nikajaribu azithromaisini kwa sababu mteja mmoja aliisifu. Ikarudi tena. Nikaenda zahanati moja, wakatumbukiza kijiti kwenye mkojo, wakasema mkojo mchafu, nikachomwa sindano za seftriaksoni siku tano. Siku kumi baadaye nilikuwa chooni usiku nimeshika ukuta. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anasomea maabara, akaniuliza kwenye simu, "Mama, umewahi kuotesha?" Nikamjibu naotesha mahindi kila mwaka.

Alikuwa anasema kuotesha mkojo. Nitafika huko.

Kwanza: hiyo ni UTI kweli?

Ukiona mambo haya yamekuja kwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, shuku kibofu: mkojo unaunguza unapotoka, unakwenda haja ndogo kila mara na vinatoka vijitone, unabanwa ghafla kiasi kwamba mlango wa choo unauona mbali, na tumbo linauma chini ya kitovu. Mkojo unaweza kuwa na ukungu au wekundu wa damu. Mwanamke mwenye kuungua na kwenda mara kwa mara, bila uchafu ukeni na bila kuwashwa, uwezekano kwamba ana maambukizi kwenye kibofu ni mkubwa sana hata kabla ya kipimo chochote.

Sasa angalia kile ambacho mara nyingi si UTI. Homa peke yake kwa mtu mzima mara nyingi si UTI. Kuumwa kichwa, uchovu, viungo kuuma, na hakuna kinachouma wakati wa kukojoa: pima malaria kwanza. Tumefika mahali mtu akijisikia vibaya tu anaambiwa "una UTI na taifodi", mapacha wasioachana, na anaondoka na mfuko wa dawa. Mkojo wa njano iliyokolea wenye harufu kali asubuhi ya baridi mara nyingi unasema jambo moja tu: hujanywa maji. Na mgongo unaouma baada ya siku nzima ya kuvuna viazi Isyonje ni mgongo wa viazi. Mgongo wa figo uko juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, na unakuja na homa na kutetemeka.

Kuwashwa na uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda ni mambo ya fangasi. Mwanaume anayetoa usaha kabla ya mkojo, au mwanamke mwenye uchafu wa ukeni wenye harufu au rangi na mwenza mpya, huyo apimwe magonjwa ya ngono pamoja na mwenza wake. Dawa za kibofu hazimfai. Na kijana aliyekulia Kyela akioga ziwani, akija na damu mwishoni mwa mkojo bila kuungua sana, mimi nawaza kichocho. Kichocho kinatibiwa kwa prazikwanteli, si kwa antibayotiki, na hapo hata umalize rafu yangu nzima hutapona.

Wako ambao hawatakiwi kujadiliana nami dirishani hata dakika tano. Mjamzito. Mtoto. Mwanaume, kwa sababu mrija wake ni mrefu na bakteria wakifika juu mara nyingi kuna sababu nyuma yake, kama tezi dume au mawe. Mwenye kisukari. Mwenye mpira wa mkojo. Na yeyote mwenye homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni. Hao nawaandikia kwenye karatasi neno "kituo cha afya" na kuwaonyesha bajaji. Maambukizi yakishapanda kwenye figo yanaweza kuingia kwenye damu, na hapo tunahesabu saa, hatuhesabu siku.

Kopo

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na nitakaa hapa kidogo.

Mkojo unapelekwa maabara kabla ya kumeza antibayotiki. Kabla. Ukishameza hata vidonge viwili, bakteria wanaweza kupungua kiasi kwamba hawaoti, karatasi inasema hakuna kitu, na wewe bado unaumwa. Mteja akija kwangu ananiambia, "Nipe za kuanzia, kesho nitapima," namwambia aanze na kopo, kesho ameze.

Kopo liwe la maabara, lenye mfuniko, halijafunguliwa. Usitumie chupa ya maji uliyoisuuza, wala kikopo cha mafuta ya kujipaka; nimeshaletewa vyote. Nawa mikono kwa sabuni. Mwanamke ajisafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, ajikaushe, halafu atenganishe mashavu ya uke kwa vidole viwili na asiachie mpaka amalize. Mwanaume ambaye hajatahiriwa avute ngozi nyuma. Anza kukojoa chooni, uache wa kwanza uende, kisha bila kukatisha leta kopo, kinga wa katikati, nusu kopo inatosha, na wa mwisho uache uende pia. Ule wa kwanza unasukuma nje bakteria wa ngozi. Ukiukinga huo, maabara wataotesha wakazi wa ngozi yako na kukupa majina ya watu wasio na hatia.

Usiguse ndani ya kopo wala ndani ya mfuniko. Kama una hedhi, waambie. Mkojo wa asubuhi, uliokaa kibofuni angalau saa nne, ndio mzuri zaidi, na sababu nitaisema punde.

Halafu muda. Mkojo ufike maabara ndani ya saa mbili. Ukikaa zaidi mahali pa joto bakteria wanazaliana humo humo koponi, na wachache wanaonekana jeshi. Kama unatoka Tukuyu au Mbalizi na gari linachelewa, ni afadhali ukakojolee hospitalini kuliko kubeba kopo kwenye mfuko wa koti, ambako kuna joto la mwili wako. Kwenye friji unaweza kukaa mpaka saa 24. Andika jina na saa uliyoutoa.

Kijiti na kuotesha ni vitu viwili tofauti

Kijiti chenye vibox vya rangi ndicho wanachotumia zahanati nyingi, na majibu ni dakika mbili. Angalia mistari miwili tu. Lukosaiti ni askari wa mwili. Wakiwepo kuna mahali panawaka, lakini hawakuambii ni nani aliyewasha, hata fangasi na magonjwa ya ngono yanawaita. Naitriti ni moshi wa bakteria kama E. koli wa utumboni, ambao hubadilisha naitreti ya mkojo kuwa naitriti, na wanahitaji saa kadhaa za kazi hiyo, ndiyo maana mkojo wa asubuhi unasema ukweli zaidi. Naitriti ikiwepo pamoja na dalili, basi karibu umepata jibu. Ikikosekana, hujasamehewa, kwa sababu wapo bakteria wasioitengeneza.

"Mkojo mchafu" si ugonjwa, ni lugha ya haraka. Ukiambiwa hivyo, uliza kwa upole: "Samahani mtaalamu, kuna naitriti? Seli za usaha ngapi? Na seli za ngozi je?" Seli za ngozi zikiwa nyingi, maana yake kopo lilikingwa vibaya, rudia. Hakuna tabibu mwenye nia njema atakayekasirika kwa swali hilo. Nimekutana na mmoja aliyekasirika. Tuendelee.

Kuotesha ndiyo kipimo chenyewe. Wanapaka mkojo kwenye sahani ya chakula cha bakteria, wanaweka kwenye joto la mwili, wanasubiri siku nzima waone nani kaota, halafu wanawawekea vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali na kungoja tena. Dawa inayoua inaacha duara tupu kuizunguka, kama mahali pa kuotea moto uwanjani. Kwa jumla ni siku mbili hadi tatu. Si kila zahanati inaweza. Kwa Mbeya nilikwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na wa Iringa, Njombe au Songwe waulize hospitali ya rufaa ya mkoa wao kabla ya kupoteza nauli.

Je, kila mwenye kuungua mara ya kwanza aoteshe? Hapana. Mwanamke mzima, asiye mjamzito, mara ya kwanza, dalili wazi: kijiti na dawa sahihi vinatosha. Ila mjamzito, mwanaume, mtoto, mwenye dalili za figo, aliyetibiwa ikarudi, au aliyemeza antibayotiki miezi ya karibuni kwa sababu yoyote ile, huyo aombe kuotesha. Tamka hivyo hivyo: "Naomba mkojo wangu uoteshwe, na dawa zipimwe."

Karatasi yangu

Bado nimeihifadhi kwenye bahasha ya hati ya kiwanja. Juu imeandikwa jina la mdudu, E. koli, yaani bakteria wa kawaida wa utumbo mkubwa, ndiye anayesababisha UTI nyingi duniani. Chini kuna orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa herufi moja. S maana yake dawa inamuua. R maana yake ni sugu, ameizoea. I maana yake ipo katikati, daktari ndiye ataamua dozi.

Yangu ilisomeka hivi kwa kushuka: ampisilini R, septrini R, sipro R, seftriaksoni R. Nikasoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe. Kisha nitrofurantoini S, jentamaisini S, meropenemu S.

Daktari kijana aliyenipokea akanieleza kwamba bakteria wangu walikuwa wanatengeneza kimeng'enya kinachokatakata dawa za ukoo wa penisilini na sindano za ukoo wa seftriaksoni kabla hazijafanya kazi. Akauliza, "Mama, mwaka huu umemeza antibayotiki mara ngapi?" Nikahesabu za kibofu, nne. Akasema, "Na za kikohozi? Na za jino?" Hapo nikanyamaza. Mafua ya Machi nilijipa amoksilini. Jino nilijipa amoksilini na flajili.

Hilo ndilo ningependa kila mteja wangu alibebe. Bakteria wanaoingia kibofuni hawatoki mbali, wanatoka kwenye utumbo wako mwenyewe, wanapita nje kidogo tu, na mrija wa mwanamke ni kama sentimita nne. Kila antibayotiki unayomeza, hata ya kikohozi ambacho kingepona chenyewe, inapita utumboni, inaua wanyonge na kuwaacha wagumu wazaane. Wagumu hao hata wanagawiana siri ya ugumu, mmoja kwa mwingine. Kwa hiyo kidonge ulichomeza kwa mafua mwezi wa tatu ndicho kinachokukatalia kibofuni mwezi wa saba.

Wala si mimi peke yangu. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa Kenya, Tanzania na Uganda juu ya wagonjwa wenye dalili za UTI, na Mbeya ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Wengi wa waliokuja na dalili, walipooteshwa, hawakukutwa na bakteria wa UTI. Waliokutwa nao walikuwa kama theluthi. Na sehemu kubwa ya bakteria waliokutwa walikuwa sugu kwa aina nyingi za dawa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Afrika karibu maambukizi moja kati ya matano yaliyothibitishwa maabara yalikuwa sugu. Serikali yetu inauita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kwa kifupi. Mtaani wanasema "UTI sugu", lakini neno hilo linabeba mizigo mitatu: bakteria sugu kweli, maambukizi mapya yanayojirudia, na kitu ambacho hakikuwa UTI tangu mwanzo. Kuotesha kunatenganisha mizigo hiyo.

Dawa, na namna ya kuzimeza

Siandiki dozi kwa kila mtu. Nitakuambia kinachofaa kuulizwa.

Shirika la Afya Duniani limegawa antibayotiki mafungu matatu: za kuanzia, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba. Kwa kibofu cha kawaida, nitrofurantoini iko kwenye fungu la kuanzia, na kozi yake ni siku tano. Sipro na seftriaksoni ziko kwenye fungu la uangalifu. Ukiandikiwa sindano kwa kibofu kinachouma tu, bila homa wala kutapika, uliza kama kuna cha kumeza. Watu wetu wanaheshimu sindano kuliko kidonge. Sisi wa DLDM hatuchomi sindano, na nashukuru, maana ningechoma mpaka leo.

Nitrofurantoini ni dawa ya zamani, na hadi sasa bakteria wengi wa E. koli bado wanaiogopa. Meza pamoja na chakula, la sivyo kichefuchefu kitakukimbiza. Mkojo utakuwa wa kahawia kama chai ya rangi, usiogope. Usiichanganye na vile vidonge vya magnesiamu vya kiungulia, vinaizuia isiingie mwilini. Haifai kwa mwenye figo dhaifu, wala kwa mjamzito wa wiki za mwisho. Na kumbuka hili vizuri: inafanya kazi kibofuni, haifiki vya kutosha kwenye nyama ya figo. Mwenye homa na ubavu unaouma asiitegemee hiyo.

Sipro usiimeze na maziwa, na huku kwetu maziwa tunayanywa kama maji, wala na vidonge vya damu au vya kiungulia kwa wakati mmoja. Vinaishika tumboni haifiki kazini. Mjamzito asiiguse bila daktari. Ukianza kusikia maumivu ya mshipa nyuma ya kisigino, acha na urudi hospitali.

Amoksilini peke yake kwa UTI, siku hizi ni kubahatisha. Septrini pia inakataa mara nyingi mno kwetu, isipokuwa karatasi ya kuotesha iseme S. Azithromaisini na flajili si dawa za kibofu. Mtu akikuuzia flajili kwa ajili ya UTI, anakuuzia kichefuchefu.

Kuhusu kumaliza dozi: meza siku zote ulizoandikiwa, hata kama siku ya pili umepona. Ila usijiongezee. Kwa kibofu cha kawaida, siku tano si dhaifu kuliko siku kumi na nne. Siku za ziada ni mazoezi kwa wale bakteria wa utumboni. Vidonge vikibaki kwa sababu daktari amekubadilishia, usimpe jirani.

Ukianza dawa, nafuu inatakiwa ionekane ndani ya saa 48. Isipoonekana, usirudi kwangu kubadilisha rangi ya kapsuli, rudi ukaoteshe. Maumivu ya siku ya kwanza yanapozwa kwa panado na maji. Ujerumani waliwahi kuwapa wanawake wenye UTI nyepesi ibuprofeni kwanza badala ya antibayotiki, na theluthi mbili hawakuhitaji antibayotiki kabisa. Lakini kati yao waliopata maambukizi ya figo walikuwa wengi kidogo kuliko kwa waliopewa antibayotiki, kwa hiyo sikushauri ufanye hivyo peke yako huko shambani, mbali na kituo. Nakutajia ili ujue kwamba kusubiri majibu ya kijiti mpaka kesho asubuhi hakutakuua.

Ukishapona, umepona. Hapana haja ya kuja "kusafisha mkojo" wala kupima kila wiki. Bakteria kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili hawatibiwi, wakiwemo wa bibi zetu wazee. Isipokuwa mjamzito. Yeye akikutwa nao hata kama haumwi popote anatibiwa, kwa sababu kwake wanapanda kwenye figo kirahisi na wanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mama, kliniki wakikuomba mkojo, usiseme umesahau.

Inayorudi

Ikirudi mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu kwa mwaka, inahitaji daktari akae nawe chini, kipimo cha sukari, na pengine picha ya figo na kibofu. Chukua daftari dogo. Andika tarehe ya kila shambulio, dawa uliyomeza, siku ngapi, na antibayotiki nyingine zozote za miezi sita nyuma, hata za jino. Daftari hilo linamsaidia daktari kuliko maelezo ya "zile nyeupe ndefu".

Maji yana ushahidi wake. Bulgaria walichukua wanawake 140 waliokuwa wanapata UTI mara kwa mara na kunywa maji kidogo, nusu yao wakaongezewa lita moja na nusu kwa siku kwa mwaka mzima. Walioongezewa walipata UTI karibu nusu ya wenzao. Lita moja na nusu ni chupa tatu ndogo. Maji yenyewe yachemshwe, na yakinywewa ya moto ni yale yale.

Choo cha stendi nacho nikitetee. Wadada wengi wananiambia, "Nimeokota UTI kwenye choo cha stendi." UTI haikuokotwa hapo, kama nilivyosema, inatoka utumboni mwako. Ila kinachotokea ni kwamba unakiogopa choo kile, unajibana kutoka Dar mpaka Mbeya, zaidi ya kilomita 800, hunywi maji njiani ili usisumbue dereva, na kibofu kinakaa siku nzima bila kusafishwa. Chuchumaa, kojoa, nawa, endelea na safari.

Jipanguse mbele kwenda nyuma, na wafundishe mabinti hivyo tangu wadogo. Kojoa baada ya tendo. Usiingize sabuni, ndimu wala dawa za kienyeji ukeni. Huko ndani kuna bakteria wazuri wanaolinda mlango, na ukiwafukuza unamfungulia E. koli. Wamama ambao hedhi imekoma, kama mimi, ngozi ya huko inakonda na walinzi wale wanapungua, na ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni inayopunguza kujirudia. Muulize daktari. Mimi niliiulizia nikiwa na miaka 51 na nilijilaumu kwa nini sikuuliza mapema.

Mwaka jana kuna dada muuza viazi wa Isyonje, mteja wangu wa miaka, alikuwa ananunua antibayotiki karibu kila mwezi, kwangu na kwa wenzangu. Nilimkatalia kumuuzia, tukanuniana wiki mbili. Mwishowe akaenda kuotesha, akarudi na karatasi, akaibamiza mezani: hakuna kilichoota. Daktari alimkagua akakuta fangasi, na akamwambia hizo antibayotiki za kila mwezi zinaweza kuwa ndizo zilizokuwa zinawalisha. Nikampa krimu aliyoandikiwa, nikamwonyesha namna ya kuitumia. Alipomaliza kunisikiliza akaniuliza kama ile hela ya kipimo inarudishwa, maana hawakukuta kitu. Nikamwambia hairudishwi. Akafunga khanga vizuri, akatoka kuwahi magari ya jioni.